Copperplate Gothic: Herufi zilizoazima heshima ya bamba la shaba

KABLA hujasoma neno la kwanza katika barua rasmi, umbo la herufi limeshakwambia jambo. Ukiona jina la wakili limeandikwa kwa herufi kubwa tupu, pana, zenye ncha kali, unaketi wima. Huenda fonti hiyo ni Copperplate Gothic. Historia yake ni historia ya heshima ya kuazima.

Katika karne ya 19, wenye uwezo nchini Marekani na Ulaya walichapishiwa kadi zao kwa bamba la shaba. Fundi alichonga herufi kinyumenyume kwa kalamu ya chuma, akajaza wino ndani ya michoro, akapangusa uso wa bamba, kisha akakandamiza karatasi kwa nguvu. Wino uliinuka juu ya karatasi; ukiipapasa, unausikia kidoleni. Kazi hiyo ilikuwa ghali, na ule mwinuko ulikuwa ushahidi kwamba mwenye kadi si mtu wa hivi hivi.

Je, mwenye duka dogo afanyeje? Jibu lilitoka kwa waliotengeneza herufi za risasi. Mwaka wa 1901 Frederic Goudy, aliyewahi kuwa karani wa hesabu na ambaye alijifunza mwenyewe kuchora herufi, aliichora fonti hii kwa ajili ya kampuni ya American Type Founders. Haina herufi ndogo. Herufi kubwa hupunguzwa kimo tu. Kwenye ncha za mistari alitia serifu, yaani vijimkia vyembamba mno, mithili ya alama ya chombo cha mchongaji. Basi mpigachapa wa kawaida akaweza kutoa sura ya bamba la shaba bila shaba yenyewe.

Hata jina lina kitendawili. ‘Copperplate’ ni bamba la shaba, ambalo fonti hii haikulihitaji. ‘Gothic’, kwa wapigachapa wa Marekani, ni herufi zisizo na serifu, ilhali hii inazo! Kiswahili kingetusaidia hapa. Tunalo neno nakshi, lenye asili ya Kiarabu, na chapa, lenye asili ya Kihindi. Nakshi ni mkono wa fundi; chapa ni wingi wa nakala. Alichofanya Goudy ni kuivisha chapa sura ya nakshi.

Wapo watakaoiita ghushi. Mimi siungi mkono kauli hiyo: mwenye duka naye alistahili kadi ya heshima. Hata hivyo, leo fonti hii imo katika programu za Microsoft Office, na tapeli anaipata sawa na wakili. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa hivyo, msomaji, barua ya aina hiyo ikikufikia, hebu kagua anwani, tarehe na sahihi kabla ya kutoa hela.