Heshima na Jina la Nchi katika Barua za Kidiplomasia: Kijapani na Kijojia

Mtahiniwa wa Kidato cha Nne hufunzwa kwamba barua rasmi ina anwani mbili, mtajo na mada inayotanguliwa na MINT, kisha hoja huanza papo hapo. Mazoea hayo humfanya adhani kuwa sajili ya barua rasmi ni moja ulimwenguni kote. Sivyo. Tuchukue mfano wa Japani na Jojia, nchi iliyoko kwenye milima ya Kaukazi. Mataifa haya yalianzisha uhusiano wa kidiplomasia mwaka 1992, Muungano wa Kisovieti ulipokwisha kuvunjika.

Barua rasmi ya Kijapani aghalabu hufunguliwa kwa neno haikei, kisha yakaja maamkizi yanayotaja majira: maua ya mcheri, joto la kiangazi, theluji. Hoja husubiri. Mtafsiri akiyaondoa majira kwa kuyaona kuwa mapambo, huwa ameondoa salamu yenyewe. Akiyaacha, msomaji wa Tbilisi huenda akashangaa maua yanahusu nini.

Katika vitenzi, hata hivyo, lugha hizi mbili zinakaribiana kuliko tunavyotarajia. Mjapani akisema "yuko" kwa kumkweza mtu hutumia irassharu. Akijinyenyekeza husema oru. Mjojia naye ana brdzandebit ya kumkweza mwenzake na gakhlavart ya kujishusha. Tafsiri ikipitia Kiingereza, vitenzi vyote vinne huwa kitenzi kimoja tu, na unyenyekevu uliokuwamo pande zote mbili hupotelea njiani. Hasara hii haikusababishwa na Kijapani wala Kijojia.

Majina ya watu nayo ni mtego. Mjojia humheshimu mtu kwa neno batono likifuatwa na jina lake la kwanza. Kwa Mjapani, jina la kwanza ni la jamaa na wandani. Heshima huenda na jina la ukoo. Mtafsiri wa neno kwa neno atamkosea waziri adabu huku akidhani amemtukuza.

Lakini lililogusa utaifa ni jina la nchi. Kwa miaka mingi Kijapani kiliiita Gurujia, umbo lililotokana na Kirusi. Baada ya vita vya Agosti 2008 baina ya Urusi na Jojia, jina hilo lilizidi kuwachoma Wajojia, na serikali yao ikaiomba Japani ilibadilishe. Mwezi wa Aprili 2015 Japani ilibadilisha sheria, na jina likawa Jōjia, kwa kufuata Kiingereza. Kuna kinaya hapa, mwalimu: jina hilo ndilo Wajapani wanaloliita jimbo moja la Marekani, na wala si jina ambalo wenye nchi hujiitia. Wao husema Sakartvelo, yaani mahali pa Wakartveli. Barua ikiandikwa Tbilisi kwa Kijojia, neno hilo ndilo huwamo. Ikisomwa Tokyo kwa Kijapani, limekwisha kuwa Jōjia.