Tiba ya leza ya retina

Tiba ya leza ya retina ni matibabu ya jicho ambamo daktari huchoma sehemu za pembeni za retina kwa mwanga wa leza. Lengo ni kunywesha mishipa ya damu isiyo ya kawaida, inayoota hasa kwa wenye kisukari, kabla haijavuja ndani ya jicho na kuleta upofu. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1976 ulionyesha kwamba hatari hiyo hupungua kwa zaidi ya nusu.

Nchini Tanzania hutolewa, kwa mfano, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, safari ndefu kwa mgonjwa wa Kigoma au Ujiji. Na leza hairudishi uoni uliokwisha kupotea. Tena inaweza kupunguza uwezo wa kuona gizani, jambo zito kwa mvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, anayevua usiku kwa taa.