Deni la Barabara

Katika nchi ya Uingereza, mabishano juu ya kodi ya motokaa ni ya zamani karibu sawa na motokaa zenyewe. Wenye magari walidai kwamba walilipa kupita haki yao. Waendao kwa miguu walidai kwamba wao ndio waliobebeshwa mzigo wa wengine. Kila upande ulikuwa na hesabu yake, na hesabu hizo hazikupatana, kwa sababu hazikuhesabu kitu kimoja.

Zamani jambo hili lilikuwa na jawabu jepesi. Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, njia kuu nyingi zilisimamiwa na mabaraza yaliyoweka malango na kutoza ushuru kila gari la farasi lililopita. Aliyeitumia njia ndiye aliyeilipia. Lakini reli zilipokuja wasafiri walizihama barabara, malango yakakosa mapato, na baraza la mwisho likavunjwa mwaka wa 1895. Tangu hapo njia zikatunzwa kwa kodi za wenyeji, wawe na gari au wasiwe nalo.

Ndipo motokaa zilipoingia, zikitimua vumbi lililowakera watu wote waliokaa kando ya njia. Mwaka wa 1909 Waziri wa Fedha, David Lloyd George, alileta kodi mpya juu ya magari, pamoja na ushuru wa peni 3 kwa kila galoni ya petroli, ili fedha hizo zitengeneze barabara. Halmashauri ya Barabara ikaundwa, ikapaka lami ili kulishinda vumbi. Sheria ya mwaka wa 1920 ikaanzisha Mfuko wa Barabara, na kuanzia 1921 gari la mtu binafsi likatozwa pauni moja kwa kila nguvu ya farasi ya injini yake. Mwenye gari akaiona kodi hiyo kuwa ni ahadi: akitoacho kitamrudia chini ya magurudumu yake.

Ahadi hiyo haikudumu. Winston Churchill, alipokuwa Waziri wa Fedha, alianza mwaka wa 1926 kuchota fedha za Mfuko kwa haja nyingine. Hoja yake ilikuwa kwamba Bunge ndilo lenye mamlaka juu ya kila kodi, wala walipaji hawana haki ya kujitengea mapato yake. Kuanzia 1937 kodi ya magari ikaingia Hazina moja kwa moja. Mfuko ukabaki jina tu, hata ukafutwa katika miaka ya 1950.

Wenye magari walinung'unika kwamba wameporwa. Manung'uniko hayo yalikuwa na sehemu ya ukweli, maana kwa miaka mingi kodi za magari na petroli zimezidi fedha zitumiwazo kwa barabara. Lakini mawe na lami si gharama zote. Mwaka wa 1934 watu 7,343 waliuawa barabarani, na wengi miongoni mwao walikuwa wakienda kwa miguu. Vifo hivyo havikuandikwa katika daftari la Mfuko, wala moshi, wala kelele, wala saa zilizopotea katika msongamano. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Arthur Pigou, mwanauchumi wa Cambridge, alikwisha kueleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1920 kwamba hasara ampatayo jirani haimo katika bei ailipayo mwenye kuisababisha, na kwamba kodi yaweza kuirekebisha. Mwaka wa 1964 kamati ya Reuben Smeed ilionyesha kwamba yawezekana kumtoza dereva kwa kadiri ya mahali na saa aendeshayo. Ushauri huo ulingoja karibu miaka 40: tarehe 17 Februari 2003 London ikaanza kutoza pauni 5 kwa siku kila gari lililoingia katikati ya mji siku za kazi.

Basi, je, kodi zalipia gharama? Dereva apitaye peke yake katika njia tupu ya shamba huenda akalipa kupita deni lake. Yule aingiaye mjini asubuhi, magari yamebanana, huenda asilipe hata nusu. Ushuru wa petroli hauwezi kuwatenganisha wawili hao, na kwa gari la umeme hautozi kitu. Walinzi wa malango ya kale walijua angalau nani amepita, na wapi. Hazina ilijua tu kiasi kilichoingia, na wale waliolipa kwa mapafu na viungo vyao hawakupewa stakabadhi.