Simbakubwa Hakuwa Simba

Muhula mmoja mwanafunzi wetu anayetoka Malaba aliandika "simba kubwa" katika insha, nasi tukasahihisha kwa wino mwekundu: simba mkubwa. Alirudi na jina la kisayansi la mnyama aliyekwisha kutoweka, Simbakubwa kutokaafrika, akauliza kama wataalamu nao wamekosea. Ikatubidi tusome habari za mifupa kuliko tulivyozoea.

Mabaki ya mnyama huyo yalichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, kati ya mwaka 1978 na 1980. Yakakaa ndani ya droo katika jumba la makumbusho jijini Nairobi kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi mtafiti Matthew Borths alipoyakuta. Yeye na Nancy Stevens walitangaza jina mwaka 2019. Sehemu kubwa ya taya ilikuwapo, na meno hayakuwa yamelika sana. Kwa hiyo alikufa angali kijana.

Aliishi miaka kama milioni 22 iliyopita, na hakuwa simba wala jamaa wa simba. Alikuwa wa kundi la hyaenodonti, jina lenye maana ya jino la fisi, ingawa fisi naye si ndugu yake. Tofauti imo kinywani. Simba, fisi na mbwa wana jozi moja tu ya meno ya kukatia nyama kila upande wa kinywa. Simbakubwa alikuwa na jozi tatu, zikipishana kama makali ya mkasi. Kichwa chake kilikuwa kikubwa mno, na hapo ndipo penye ugumu wa kukadiria uzito: ukipima kwa meno unaweza kufika kilo 1,500, ukipima kwa njia nyingine unashuka sana. Hata hivyo wanyama wakubwa wala majani wa enzi zile, wakiwamo jamaa wa kale wa tembo, walikuwa na sababu ya kumwogopa.

Wenzetu wa upande wa Tororo wasidhani kuwa hii ni habari ya Kenya peke yake. Huko Napak, Karamoja, alipatikana jamaa yake aliyepewa jina Hyainailouros napakensis mwaka 1980. Napak na Koru mifupa ilihifadhiwa vizuri kwa sababu majivu ya volkano za huko yalikuwa na chokaa nyingi. Jabali la Tororo nalo ni mabaki ya volkano ya aina hiyo. Chokaa yake ndiyo iliyoleta kiwanda cha saruji.

Sasa turudi kwenye wino mwekundu. Katika soko la Busia utasikia "ng'ombe kubwa" siku nzima, na hakuna anayeshindwa kuelewa. Lakini katika Kiswahili sanifu sifa ya mnyama hufuata upatanisho wa viumbe: simba mkubwa, simba wakubwa. Jina Simbakubwa ni neno moja, nomino ambatani iliyoundwa kwa kubandika mzizi wa sifa bila kiambishi, na wataalamu wana uhuru wa kubuni majina yao. Mwanafunzi wetu aliandika maneno mawili, tena akimzungumzia simba wa Murchison. Alama ile hatukumrudishia.