Hospitali Iliyowashwa na Mto

Nikienda Tenwek siendi kwanza mapokezi. Hushuka kwanza mtoni, kwenye maporomoko ya Nyangores, kwa sababu kwangu hospitali hii huanzia pale.

Mama alichuma chai upande wa Kericho, na kwetu nyumbani "kupelekwa Tenwek" maana yake ilikuwa ugonjwa umekwisha kushinda dawa za zahanati. Wamisionari wa World Gospel Mission walianza na zahanati ndogo mnamo 1937. Kwa zaidi ya miaka 20 wauguzi ndio walioibeba. Daktari wa kwanza wa kudumu, Ernie Steury kutoka Marekani, alifika 1959, na kwa muda akawa peke yake: leo mkunga, kesho mpasuaji.

Upasuaji unataka taa, na taa zilitaka dizeli ipande kilima. Basi katika miaka ya 1980 hospitali ikaugeukia mto: maji yakazuiwa juu ya maporomoko, yakaingizwa bombani, yakazungusha mashine za umeme. Kwangu mimi nyumba ya mashine hizo ndiyo jengo zuri kuliko yote ya Tenwek, ingawa wageni hupiga picha majengo yale mapya ya ghorofa. Mengine yameongezwa wodi kwa wodi, kama boma la mzee mwenye wana wengi.

Maji yakishamaliza kazi hurudi mtoni, na Nyangores huendelea na safari yake, kukutana na Amala na kuwa Mara.