Chuku na Mgeni: Wanyama wa Kubuni katika Kambi za Wakata Miti wa Marekani

Ngano ya Kiswahili hutanguliwa na mapatano. Fanani asemapo "Paukwa", hadhira hujibu "Pakawa", na tangu hapo kila aliyeketi anajua kwamba sungura atazungumza wala hapana atakayedai ushahidi. Yapo, hata hivyo, masimulizi ya kubuni ambayo uhai wake unategemea kumficha msikilizaji mmoja mapatano hayo. Makala haya yanachunguza chuku za wanyama wa ajabu zilizosimuliwa na wakata miti wa Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na yanadai kwamba fani yake haieleweki pasipo kumzingatia mgeni aliyedanganywa.

Kambi nyingi za wakata miti hao zilikuwa katika misitu ya misonobari ya Michigan, Wisconsin na Minnesota. Kazi ilifanywa hasa majira ya baridi, magogo yalipoweza kuburutwa juu ya barafu, na jioni wafanyakazi walikusanyika bwenini kando ya jiko. Hapo mgeni, aghalabu kijana wa shambani au mhamiaji kutoka Skandinavia, aliambiwa habari za Hidebehind, mnyama ambaye daima hujificha nyuma ya mtu, hivi kwamba hapana aliyewahi kumwona. Au za Splinter Cat, apasuaye miti kwa kichwa chake usiku. Wakongwe walisimulia bila ya kutabasamu. Kwa macho hadhira ilikuwa moja. Kwa maarifa zilikuwa mbili. Mgeni alisikia taarifa, wenzake walisikia sanaa, na kicheko kilichozuiwa ndicho kilichokuwa kiitikio chao.

Mzaha wa kumwinda ndege aitwaye snipe, ulioenea sana nchini humo, una muundo uo huo. Mgeni hupewa gunia na kuachwa gizani angoje ndege wafukuziwe kwake, ilhali wenziwe wamekwisha kurudi kulala. Ndege huyo yupo kweli, tena ni wa vinamasi; uongo umeegemezwa juu ya ukweli. Ama Splinter Cat, naye aliegemezwa juu ya miti halisi iliyopasuliwa na radi na dhoruba, katika kazi ambamo tawi lililoanguka liliweza kumuua mtu. Yamkini hofu ya kweli ilitafutiwa hapo sura ya kuchekesha. Mgeni aliyeweza kujicheka alipokelewa, na msimu uliofuata akawa yeye fanani.

Eugene Shepard wa Rhinelander, Wisconsin, aliitoa chuku hiyo kambini. Mwaka 1893 alitangaza kuuawa kwa Hodag, mnyama mwenye pembe na miiba mgongoni. Mwaka 1896 akaonyesha Hodag aliyedaiwa kuwa hai katika maonyesho ya Kaunti ya Oneida. Watu walilipa kiingilio kutazama, katika hema lenye mwanga hafifu, sanamu iliyotikiswa kwa nyaya. Safari hii mgeni alikuwa umma mzima. Siri ilipofichuka mji haukuona haya: Hodag angali nembo ya Rhinelander hadi leo. Waliodanganywa walijitwalia hadithi.

Mwaka 1910 William T. Cox, mtaalamu wa misitu, alichapisha kitabu cha wanyama hao, kila mmoja akipewa jina la Kilatini kana kwamba ni wa elimu ya viumbe. Kejeli hiyo ni nzuri, lakini msomaji wake anaijua siri tangu ukurasa wa kwanza. Maandishi yaliwahifadhi wanyama yakampoteza mgeni.

Mwaka 1950 Richard Dorson alibuni istilahi ya kuyashutumu masimulizi bandia yanayouzwa kama fasihi simulizi halisi, akilenga hasa hadithi za Paul Bunyan, jitu la wakata miti ambalo W. B. Laughead alikuwa amelitangaza tangu 1914 katika vijitabu vya kampuni ya mbao. Shutuma hiyo ina haki yake. Hata hivyo, kigezo cha asili peke yake hakitoshi, kwa kuwa Hodag naye alibuniwa na mtu mmoja kwa ajili ya tangazo. Kigezo kifaacho zaidi ni mzunguko wa siri. Kambini aliyedanganywa leo alidanganya kesho. Msomaji wa kijitabu cha kampuni alibaki mteja tu.

Suala hili halihusu Wisconsin pekee. Mtafiti wa fasihi simulizi afikapo kijijini na kinasa sauti chake huwa ndiye mgeni kuliko wote waliohudhuria. Anapoandika kwamba jamii fulani "inaamini" kuwapo kwa mnyama fulani, imempasa kwanza kuuliza ni nani aliyekuwa akijizuia kucheka wakati wa kusimuliwa. Asipouliza, tasnifu yake itakuwa gunia lililoshikwa wazi gizani.