Usukani: kulegea, kucheza na kulika

USUKANI (nomino, ngeli ya U-ZI, wingi: sukani)

1. Kifaa cha nyuma ya chombo cha majini kinachotumika kukielekeza.
2. Gurudumu dogo ambalo dereva hulizungusha kwa mikono ili kuelekeza gari; pia, mfumo mzima unaounganisha gurudumu hilo na magurudumu ya mbele.
3. (sitiari) Uongozi, madaraka: *Alishika usukani wa chama katika kipindi kigumu.*

Asili yake ni Kiarabu, *sukkān*, na maana ya kwanza ndiyo ya kale: neno lilikuwa la mabaharia kabla ya kuwa la madereva. Katika gereji nyingi husikika pia *stelingi* au *steringi*, lakini maandishi rasmi hutumia *usukani*.

Maana ya pili ina pande mbili, na hapo ndipo utata unapoanzia. Sentensi *Usukani wa gari hili umelegea* yaweza kumaanisha kwamba gurudumu la mkononi limelegea kwenye mhimili wake, au kwamba mahali fulani kati ya mikono ya dereva na tairi pana kiungo kisichoshika. Hali ya kwanza huonekana mara moja. Ya pili ndiyo ya kawaida katika magari yaliyotumika miaka mingi, nayo hujificha. Mwandishi wa maelekezo ya ufundi hana budi kuonyesha anazungumzia ipi.

Kulegea na kukaza

Kitenzi *legea* hutumika kwa kitu kilichopungua mkazo: fundo, kamba, nati, skrubu. Kinyume chake ni *kaza*, nacho humjia msomaji bila kuitwa: kilichosemwa kuwa kimelegea, hutafutiwa spana. Katika usukani, wazo hilo ni sahihi kwa sehemu chache tu: bolti zinazoshikilia boksi la usukani kwenye fremu ya gari, nati za viungo, na bolti zinazobana mhimili wa usukani. Hizo zikilegea, hukazwa, na kazi huisha.

Kucheza

*Cheza*, katika maana ya ufundi, ni kusogea huku na huku pale ambapo kitu kilitakiwa kutulia. Ni maana ya Kiswahili cha kila siku. Mtoto anayekaribia kung'oka jino husema *jino linacheza*. Usukani *unacheza* iwapo dereva anaweza kuuzungusha kiasi fulani bila magurudumu ya mbele kuitikia. Nomino yake ni *mchezo*. Mafundi wengi husema *pleyi*. Kwa kuwa *mchezo* una maana nyingine nyingi, mfasiri hufanya vyema kuandika *mwendo mtupu wa usukani* mara ya kwanza, kisha kuendelea na *mchezo wa usukani*.

Kipimo kidogo cha mchezo huleta athari kubwa. Chukulia usukani wenye kipenyo cha sentimita 38. Mzingo wake ni karibu sentimita 119. Mchezo wa sentimita 3 ukingoni ni kama nyuzi 9. Ikiwa mfumo hupunguza mzunguko kwa uwiano wa 20 kwa 1, magurudumu ya mbele hubaki na karibu nusu nyuzi ambayo dereva hana mamlaka nayo. Mstari wenye kosa la pembe hiyo hupotoka karibu sentimita 80 katika mita 100, na gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa humaliza mita 100 kwa sekunde nne na nusu. Katika barabara nyembamba yenye lori linalokuja mbele, sentimita 80 si jambo dogo.

Kulika

*Lika* ni kupungua kwa msuguano: soli ya kiatu hulika, na vivyo hivyo kichwa cha mviringo ndani ya bolijointi, meno ya boksi la usukani, gololi za beringi na mpira wa bushi. Mafundi husema pia *zimeisha* au *zimekufa*. Tofauti yake na *legea* ndiyo kiini cha makala haya: kilicholegea hukazwa, kilicholika hubadilishwa. Hakuna spana inayorudisha chuma kilichokwisha kuliwa. Maelekezo yanayoziita hitilafu zote *kulegea* humfanya msomaji akaze kile alichopaswa kukitoa, kisha aondoke akiamini kwamba gari limepona.

Maneno yanayochanganywa na haya

Kila kitenzi kati ya hivi huelekeza uchunguzi mahali tofauti, na hakifai kuchukua nafasi ya kingine.

*Vuta upande*: gari huelekea kushoto au kulia lenyewe. Kwanza hupimwa upepo wa tairi, kisha hutazamwa breki inayoshika upande mmoja na mpangilio wa magurudumu.

*Tetema*: usukani hutikisika haraka mikononi, mara nyingi katika mwendo fulani tu. Hushukiwa tairi zisizo na uzani sawa au rimu iliyopinda, ingawa viungo vilivyolika huzidisha mtetemo.

*Yumba*: gari zima huenda huku na huku kama chombo katika mawimbi. Chanzo chaweza kuwa mchezo wa usukani, lakini pia bushi au shokomzoba zilizochoka.

*Kuwa mzito*: usukani huhitaji nguvu nyingi kuuzungusha. Hii ni hali tofauti kabisa na mchezo, japo gari moja laweza kuwa na kasoro zote mbili.

Kupima: kutoka neno hadi kiungo

Upimaji huanza na mambo mepesi: upepo wa tairi na nati za magurudumu. Kisha gari huwekwa mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na vizuizi vikiwa nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Mtu mmoja huuzungusha usukani kidogo kushoto na kulia, mfululizo, magurudumu yakiwa chini. Kwenye usukani wa paua, injini huwa inanguruma. Mwingine hufuata mwendo huo kwa macho na kwa vidole, kutoka juu kwenda chini: kiungo cha msalaba cha mhimili wa usukani, boksi, mkono unaotoka katika boksi, fito, bolijointi za ncha za fito (*tairodi*), hadi kwenye gurudumu. Hatafuti kitu kinachosogea, kwa maana vyote vitasogea. Anatafuta mahali ambapo upande mmoja wa kiungo unasogea na wa pili unachelewa. Hapo ndipo penye mchezo.

Mhimili wa kuingia katika boksi ukizunguka ilhali mkono wa kutokea umetulia, tatizo limo ndani ya boksi. Boksi zima likijisogeza kwenye fremu, ni bolti, au fremu yenyewe imepasuka. Katika magari yasiyo na boksi, yaani yenye reli ya meno, huangaliwa pia mipira inayoshikilia reli hiyo.

Hatua ya pili ni kuinua gurudumu kwa jeki na kuliwekea gari stendi imara. Mtu haingii chini ya gari linalobebwa na jeki peke yake. Gurudumu hutikiswa kwa mikono miwili. Likicheza kwa kushikwa kushoto na kulia tu, hushukiwa tairodi. Likicheza pia kwa kushikwa juu na chini, hushukiwa beringi au bolijointi za kubebea gurudumu. Ili kuzitenganisha hizo mbili, msaidizi hukanyaga breki: mchezo ukitoweka, ni beringi, ukibaki, ni bolijointi.

Tahadhari kuhusu saa

Vitabu vingi vya kigeni hueleza mahali pa kushika gurudumu kwa kufuata uso wa saa. Mfasiri asihamishe tarakimu bila kufikiri, kwa kuwa saa za Kiswahili huhesabiwa kuanzia alfajiri na machweo. Agizo la kushika usukani penye tarakimu 10 na 2 likiandikwa *saa kumi na saa mbili*, msomaji anayewaza mshale wa saa atapeleka mikono penye 4 na 8, yaani chini badala ya juu. *Juu kushoto na juu kulia* halimpotezi mtu yeyote.

Kurekebisha

Kiungo kilicholika hutolewa na kuwekwa kipya. Kabla ya kufungua tairodi, fundi huweka alama au huhesabu mizunguko ya kuitoa, ili mpya irudi karibu na mahali pa zamani. Nati hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji, na pini ya kuizuia huwekwa mpya. Baada ya hapo magurudumu hupangwa upya kwa kipimo. Mpangilio huo ni hatua ya mwisho. Kuufanya kabla ya kuondoa mchezo ni kupima kitu kisichotulia.

Boksi la usukani la magari mengi ya zamani lina skrubu ya kurekebishia. Hiyo ndiyo inayowavutia wengi, kwa sababu iko wazi na haihitaji spea. Hata hivyo, huguswa baada ya viungo vingine kuthibitishwa kuwa vizima, usukani ukiwa umenyooka, na huzungushwa kidogo kidogo. Meno ya boksi hulika zaidi katikati kuliko pembeni. Anayeikaza skrubu kupita kiasi ili kuficha mchezo hufanya usukani ushike njiani na kukataa kurudi wenyewe baada ya kona. Hapo mchezo huwa umebadilishwa kwa hatari nyingine.

Mifano ya matumizi

Si vizuri: *Tairodi imelegea, ikazwe.*
Afadhali: *Bolijointi ya tairodi imelika, ibadilishwe, kisha magurudumu yapangwe.*

Si vizuri: *Gari lina usukani mbaya.*
Afadhali: *Usukani unacheza sentimita 3 kabla ya magurudumu kuitikia, gari halivuti upande.*

Si vizuri: *Kaza boksi hadi usukani usicheze.*
Afadhali: *Rekebisha skrubu ya boksi kidogo kidogo, ukihakikisha kila mara kwamba usukani unazunguka hadi mwisho pande zote mbili bila kushika.*

Sentensi zilizo bora humwambia fundi nini kinachosogea, kwa kiasi gani, na nini kifanywe. Abiria hataziona kamwe sentensi hizo, lakini usalama wake hutegemea kama aliyeziandika alitofautisha kulegea na kulika.

Tazama pia: *kaza, chakaa, legalega, yumba, mhimili, bushi.*